Noti Kwenye Paji la Uso

Noti ya kwanza niliyomtunza mwanamuziki ilikuwa ya shilingi 20, na haikuwa yangu. Ilikuwa Idd Mosi, mwaka 1984, alasiri, ukumbi wa DDC Kariakoo. Nilikuwa na miaka 14, gauni jipya na viatu vinavyobana. Mjomba alinitia noti mkononi akanisukuma begani: "Nenda kamtunze mpiga solo." Nilishawaona wakubwa wakifanya hivyo kwa waimbaji. Mtu anasogea akicheza, anaibandika noti kwenye paji la uso, jasho linaishika, anarudi kwenye kiti chake akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokwenda. Lakini mpiga gitaa alikuwa ameinamia nyuzi zake, na mimi kimo sina. Nikasimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mwisho nikaichomeka mfukoni mwa shati lake lililolowa. Hakuacha hata uzi mmoja. Alinyanyua nyusi tu, mara moja, akaendelea.

Miaka arobaini ya kufuata muziki ilianzia kwenye nyusi zile.

Kiswahili kina ujanja wake. Kumtunza mwanamuziki ni kumpa chochote mbele za watu wakati anafanya kazi yake. Kutunza kitu ni kukiweka kisiharibike. Neno ni lile lile. La kwanza nimelifanya kwa bidii hadi nimelala njaa; la pili nimelifanya ovyo, na ndilo linalonisumbua sasa.

Siku hizo bendi zilikuwa na wenyewe. Nuta Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ikabadili: Juwata, kisha Ottu, mpaka mashabiki wakaamua kubaki na Msondo. Mlimani Park, tuliyoiita Sikinde, ilianza 1978, ikaja kuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na ndiyo maana jina lake likatanguliwa na herufi DDC. Magitaa, spika, tumba, hata suti za jukwaani, vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki alimiliki koo lake na vidole vyake, na akihama alihama navyo.

Walihama kweli. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Sikinde, Muhiddin Gurumo akiwemo, walivuka kwenda Orchestra Safari Sound, na mjomba alikaa wiki nzima hawashi redio. Nyumba yetu ya Magomeni ilikuwa ya Sikinde kwa kurithi. Nyumba ya pili ilikuwa ya Msondo. Tuliazimana chumvi, tuliazimana kinu, lakini wimbo mpya wa upande wa pili ukipigwa redioni, mtu alipunguza sauti kana kwamba kuna mgonjwa ndani.

Na wimbo haukuwa kitu cha kununua. Bendi iliingia studio za Radio Tanzania, ikarekodi, mikanda ikabaki kwenye maktaba ya redio. Wewe ulisubiri mtangazaji akujalie. Kanda zilizouzwa mitaani zilikuwa zimenakiliwa na watu wa maduka, na waliopiga hawakuona senti. Riziki ya bendi ilikuwa mlangoni, kwenye kiingilio. Kwa hiyo wimbo uliishi ukumbini. Ulianza kupigwa pale miezi kabla haujafika redioni, na mara nyingi ulifika redioni si kama ulivyoanza. Niliwahi kuusikia wimbo mmoja Jumamosi nne mfululizo. Ya kwanza watu walikaa. Ya pili kibwagizo kilikuwa kimesogezwa mbele. Ya nne hapakuwa na aliyekaa, na sisi wa meza za nyuma tulijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba viti vyetu ndivyo vilivyourekebisha.

Asiyewahi kuiona dansi ile nimweleze kidogo. Wimbo unaanza taratibu, unasimulia kisa: mke aliyeachwa kwa maneno ya mawifi, mpangaji na mwenye nyumba, baba anayerudi alfajiri. Watu wanasikiliza kama wanasikiliza kesi. Kisha hukumu ikishatoka, sauti zinanyamaza na magitaa yanachukua kazi. Solo inapanda, ya pili inaijibu, rithimu inashona katikati, besi inavuta chini, halafu saksafoni na tarumbeta zinaingia kwa pamoja kama milango miwili iliyofunguliwa kwa mkupuo. Hapo ndipo panapochemka. Waliokuja na ugomvi wao wanausahau mezani.

Nilipomaliza darasa la saba nikajifunza cherehani, nikapata nafasi kwenye baraza la mafundi Kariakoo. Fundi wa cherehani ya jirani alikuwa msichana wa rika langu, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mwanamke anaweza kwenda dansini bila kupelekwa na mwanamume. Masharti yalikuwa mawili: mnakwenda wawili mnarudi wawili, na kila mtu anajilipia. Saa kumi alfajiri tulishuka Jangwani kwa miguu, viatu mkononi, tukibishana nani alikosea kuingia, mpiga tumba au mpiga drams. Majirani walitusema. Mama alinisema zaidi ya majirani. Leo nikitazama nyuma naona elimu yangu yote ya kusikiliza niliipata kwenye ile barabara, kwa sababu mwenzangu hakukubali jibu la "ulikuwa mzuri." Alitaka kujua nini kilikuwa kizuri, wapi, na kilipigwa na nani.

Tulikuwa pamoja pia tulipomsikia Remmy Ongala akipiga Mambo kwa Soksi. Remmy alikuwa mtu wa Kindu, Kongo. Alikuja Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye, akiwa na Super Matimila, sisi tulimwita Dokta. Mwaka 1988 tamasha la WOMAD lilimpeleka Ulaya, na mwaka uliofuata kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa Songs for the Poor Man. Kituo cha daladala karibu na nyumbani kwake mpaka leo kinaitwa Sinza kwa Remmy, na hiyo kwangu ni heshima kuliko tuzo. Mambo kwa Soksi ulikuwa wimbo wa kondomu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati neno lenyewe lilitamkwa kwa kuficha mdomo. Redioni haukupigwa. Ukumbini ulipigwa, kwa sauti kubwa, na mtu mwenye rasta aliyekuwa anatania na kusihi kwa wakati mmoja. Wanaume walitazama chini. Mwenzangu alicheka kuliko wote.

Mwenzangu huyo tulimzika mwaka 1996. Aliugua nini sitaandika. Wakati ule hatukusema, na watu wake mpaka leo hawajasema.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye kanda. Mwaka 1992 niliazima kwa mjomba redio kaseti yake nikaingia nayo DDC Kariakoo ndani ya kapu la ukili, juu yake nimetandaza kanga. Ilikuwa inatumia betri sita, zile kubwa za tochi, na nilinunua mpya nne tu. Mbili nilichukua za zamani nikazianika juani asubuhi nzima, kama tulivyoamini siku hizo kwamba jua linarudisha nguvu. Tuliweka kapu mezani, nikabonyeza. Nilirekodi saa nzima ya Sikinde, na kelele za chupa, na watu wa meza ya jirani wakigombania kiti.

Nyumbani ndipo nilipogundua kilichotokea. Betri zilipoanza kufa, mashine ilizunguka polepole zaidi na zaidi bila mimi kujua. Kwa hiyo kanda ile ukiipiga kwenye redio yenye umeme kamili, dakika kumi za mwisho zinakwenda kinyume: bendi inaanza kuharakisha, kisha inakimbia, waimbaji wanakuwa watoto, magitaa yanakuwa nyuki. Tulicheka sana na mwenzangu. Tuliipa jina: Sikinde waliochelewa basi la mwisho. Nikaitia kwenye bati la biskuti pamoja na nyingine, nikaendelea na maisha.

Mwaka 1994 Radio One ilianza kurusha matangazo, na baada yake zikafuata nyingine nyingi. Ghafla muziki ulikuwa kila mahali isipokuwa ukumbini. Sina chuki na bongo fleva. Nimeshona nguo za arusi kibao kwa nyimbo zake. Lakini shoo yangu ya kwanza ya kizazi kile ilinitoa machozi ya aina yake. Msanii aliishusha maiki kifuani apungie watu mkono, na sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye. Hakuna aliyeshtuka. Niligeuka kumtazama mwenzangu tubishane, ndipo nikakumbuka kwamba sina mwenzangu.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Mwananyamala, na Jumamosi ya kwanza nilidhani pana ugomvi nje. Ilikuwa arusi. Vijana saba wameziba njia na ngoma zao, mmoja anapiga kigoda cha mbao kwa vijiti viwili, mwingine ameshika kinanda kidogo cha Casio, kile cha kuchezea watoto wa wenye nazo. Kinanda kimeunganishwa na amplifaya iliyochoka, amplifaya imeunganishwa na honi mbili kama za msikitini, honi zimefungwa juu ya mwembe. Sauti ilikuwa inatoka imechanika. Huo ndio mchiriku, na waliuendesha mpaka jua linatoka.

Watu wa heshima waliuita muziki wa wahuni, na mimi nilikuwa nimeshajihesabu kwenye watu wa heshima. Nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi mara mbili kushitaki. Mara ya pili yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, wewe si ndiye uliyekuwa unarudi alfajiri na viatu mkononi?" Habari za mtu zinahama naye.

Kilichonigeuza si mjumbe, ni mguu wangu. Usiku mmoja wa kuelekea Idd nilikuwa na maagizo yasiyokwisha, nakanyaga cherehani, na wao wako nje kama kawaida. Nilipoinua kichwa nikaona nimemaliza sketi nzima na pedeli inakwenda kwa mdundo wao. Nikazima taa nikasogea dirishani. Kinanda kilikuwa kinazunguka pale pale, sauti nne tano tu, na ngoma zinabadilika chini yake, zinakivuta, zinakiachia, zinakivuta tena. Nilikuwa naifahamu kazi ile. Ni kazi ya magitaa ya Sikinde pale panapochemka. Vijana hawa walikuwa wamekata sehemu ya kesi na ushahidi, wakaanzia moja kwa moja kwenye moto.

Nilitoka na kanga mbili, nikamtunza mpiga kigoda shilingi 200. Baadaye nilimwona kijana mmoja anazikusanya noti zote kwenye kofia, anampa mdogo wao, na yule mdogo anakimbia kibandani kununua betri za kinanda. Muziki huu haukuwa na shirika, chama wala tajiri. Hapakuwa na mlango wa kukusanyia kiingilio. Ulikuwa na mwenye arusi anayelipa akipenda, na ulikuwa na sisi. DDC noti yangu ilikuwa pongezi. Mwananyamala, isingetoka, kinanda kingenyamaza kabla ya asubuhi. Tofauti hiyo ilinifanya nijione mpumbavu kwa safari zangu za kwa mjumbe. Na upumbavu haukuishia hapo. Jagwa Music, kundi la mchiriku lililoanza mwaka 1992, lilipata kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ikatoa albamu yao Bongo Hotheads mwaka 2012, na vijana wakapanda majukwaa ya Ulaya. Watu wa huko walikata tiketi kusikiliza muziki ambao mimi niliushitaki bure.

Zanzibar nilikwenda kwa ajili ya mwimbaji Bi Kidude. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, Ngome Kongwe, na sharti lake lilinipendeza kabla sijapanda boti: anayepanda jukwaani apige kweli, hapana kuimba juu ya CD. Ilikuwa mojawapo ya miaka ile ya mwanzo. Bi Kidude, ambaye umri wake hakuna aliyeujua kwa uhakika, alitoka na ngoma yake, na kuta zile za mawe zikawa kama zimejengwa kusubiri sauti ya kukwaruza kama yake. Kamera zilikuwa nyingi kuliko mikono. Kisha mwanamke mmoja aliyejitanda buibui akasogea mbele, taratibu, akaweka noti, akarudi. Nikajua nimefika kwetu. Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Tamasha lenyewe mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na mwaka ule nilijisikia kama mtu aliyezoea kisima halafu siku moja anashusha ndoo inagonga mchanga.

Tamasha jingine, la huku bara, ambalo jina lake nitalihifadhi, lilinipa somo la kinyume. Sauti ilikuwa safi ajabu. Ningeweza kuhesabu nyuzi za gitaa kwa masikio. Wimbo ulipochemka nikatoa noti yangu nikaenda mbele, nikakuta uzio wa chuma na kijana mwenye fulana nyeusi. "Mama, huku hairuhusiwi." Nikamwonyesha noti. Akanionyesha uzio. Hakuwa na ubaya, alikuwa kazini. Nilirudi na noti yangu mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikiliza muziki mzuri nikiwa mteja.

Nimewahi kujaribu kupiga hesabu ya nilichotunza miaka yote. Haipigiki. Na hata ingepigika, haitoshi. Mwaka 2013 Gurumo, yule yule aliyemfanya mjomba azime redio, alistaafu baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani, na Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa, akamzawadia gari. Nchi nzima ilipiga makofi, na mimi nilipiga. Aprili 2014 Gurumo alifariki. Makofi yale yananirudia mara kwa mara. Sisi tuliokuwepo tulimbandika noti usoni usiku, na asubuhi tukanunua kanda ya kunakili dukani, ya bei rahisi, ambayo kwayo yeye hakupata kitu. Mkono mmoja ulitoa, mwingine ukachukua. Sikuliona hilo wakati ule. Nilijiona shabiki mkubwa.

Mwaka jana bati la biskuti lilifunguliwa. Mtoto wa kaka yangu, anayetengeneza singeli kwenye kompyuta ya kukodi, aliniomba kanda za zamani atafute vipande. Kati ya kanda 43, 11 ndizo zilizokuwa nzima. Zilizobaki zimeota ukungu au zimenasa. Nilizikalisha karibu na dirisha la baharini miaka sita, mtu niliyejiita mtunzaji. Alizipiga moja moja. Dansi ilimchosha. "Shangazi, hawa wanaanza lini?" Nikamwambia asubiri, kesi inasikilizwa. Kisha akaweka ile ya 1992, akainuka kwenda kunywa maji, na dakika kumi za mwisho zikamkuta jikoni. Alirudi mbio na kikombe.

"Shangazi! Hii singeli!"

Sikumbishia. Singeli ilikua hivyo hivyo: vijana wa uswahilini walichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza, wakawapa watu wa vigodoro wacheze usiku kucha barabarani. Studio ya Sisso iko Mburahati, si mbali na tulipolelewa, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, dunia ikashangaa mwendo ule unatoka wapi. Dansi ilianza taratibu ikachemka. Mchiriku ulianza ukichemka. Singeli inaanza sufuria imeshafurika jikoni. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumeitengeneza kwa bahati mbaya, kwa betri mbili za kuanikwa juani, na tukaicheka.

Kijana alichukua alichotaka, sekunde chache za magitaa yaliyogeuka nyuki. Halafu, kwa udadisi wake tu, akasema anaweza kuirudisha kanda kwenye mwendo wake. Alikaa nayo karibu saa mbili, akiivuta kidogo kidogo kufuata betri zilivyokuwa zikifa. Waimbaji wakabalehe upya. Saksafoni ikarudi kuwa ya mtu mzima. Karibu na mwisho kuna mlio mdogo niliokuwa naujua miaka yote, mwembamba kama wa kindege, nikidhani ni kanda imekwaruza. Akauvuta na wenyewe. Ukawa sauti ya mwanamke wa miaka 22, karibu kabisa na maiki, kicheko kimemjaa mdomoni:

"Shoga, taa inafifia. Zima hiyo, tutunze betri."

Sikuzima. Tarumbeta zinaingia, nusu ya kibwagizo, basi.